Sura ya Sita: Risasi Ilipotolewa Kwenye Kiungo

Mwanzoni mwa mwaka 2014 koki za maji zilizouzwa katika maduka ya vifaa vya bomba nchini Marekani hazikuonekana kubadilika. Uzito ulikuwa uleule, umanjano uleule, mpini uleule. Kwenye nyingi kulikuwa na herufi mbili tu zilizojitokeza pembeni, LF, na maneno machache kwenye boksi yakieleza kwamba koki haina risasi. Mabadiliko yalijitokeza moto ulipowashwa. Fundi aliipasha koki kwa muda aliouzoea, akaigusisha waya wa lehemu, na waya ukabaki mgumu. Akaongeza moto. Flaksi ikafuka moshi, ikawa nyeusi kama lami, na lehemu ilipoyeyuka hatimaye haikuingia ndani ya kiungo. Ilijikunja matone matone na kudondoka sakafuni kama shanga zilizokatika uzi.

Mtu huyo hakuwa mwanagenzi. Huenda alikuwa amelehemu viungo maelfu kwa mikono hiyohiyo. Kilichokuwa kimeondoka ni msaidizi aliyefanya naye kazi miaka yote bila yeye kumwona.

Ili kuelewa msaidizi huyo alifanya nini, inafaa kwanza kuingia ndani ya kiungo chenyewe. Mtu anayekitazama kwa nje hudhani lehemu hupakwa kuzunguka bomba, kama gundi inavyopakwa kwenye ufa. Sivyo. Bomba la shaba huingia ndani ya fitingi kama kidole ndani ya pete, na kati ya kuta hizo mbili hubaki nafasi ya milimita 0.05 hadi 0.13 hivi, unene wa karatasi. Lehemu ikiyeyuka hunyonywa na nafasi hiyo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Hupanda hata kwenda juu, dhidi ya uzito wake, na ndiyo maana fundi anaweza kulehemu kiungo kilichotazama chini bila kupoteza hata tone. Nguvu ya kiungo iko mle ndani pasipoonekana. Ule utepe unaong'aa kwenye mdomo wa fitingi ni ishara tu kwamba kazi imefika mwisho wake.

Lakini shaba hainyonyi lehemu ikiwa chafu. Hewa huipa utando wa oksaidi uleule unaolifanya sufuria la shaba lipoteze mng'ao, na lehemu haishiki utandoni. Fundi husugua bomba kwa msasa mpaka ling'ae kama sarafu mpya, husugua na ndani ya fitingi kwa brashi ya waya, kisha hupaka flaksi, yaani mafuta mazito yaliyochanganywa na chumvi kama zinki kloraidi. Flaksi huzuia utando usirudi wakati chuma kinapopashwa. Ikipita kiasi cha joto huungua, na ikishaungua yenyewe hugeuka uchafu. Hapo ndipo lehemu ya yule fundi wa 2014 ilipokosa pa kushika.

Jambo la tatu ni joto, na hapa kuna kanuni ambayo kila mwanagenzi hufundishwa siku ya kwanza: pasha chuma, usipashe lehemu. Waya haupaswi kuyeyushwa na mwali wa moto. Huyeyushwa na bomba na fitingi zenyewe, kwa sababu lehemu hufuata joto, na palipo baridi huganda kabla ya kuingia.

Msaidizi aliyeondoka ni risasi.

Mafundi redio wengi wa Afrika Mashariki huuita waya wa kulehemu "risasi" hadi leo, iwe imo au haimo. Lugha yao imeushika ukweli wa zamani. Warumi nao waliita madini hayo "plumbum", wakayatengenezea mabomba ya maji, na kutokana na neno hilo Waingereza hadi sasa humwita fundi bomba "plumber", mtu wa risasi. Mhandisi wa Kirumi Vitruvius alionya tangu zama hizo kwamba maji ya mabomba ya udongo ni salama kuliko ya risasi, akaelekeza wasomaji wake watazame rangi iliyopauka ya watu waliofanya kazi ya kuyeyusha madini hayo. Kabla ya Warumi, kiasi cha miaka 4,500 iliyopita, Wamisri walikuwa wametandaza mabomba ya shaba katika hekalu la piramidi ya Farao Sahure huko Abusir, na mabeseni yaliyotiririsha maji kwenye mabomba hayo yalizibwa kwa vizibo vya risasi. Shaba na risasi zimeishi pamoja muda mrefu mno kiasi kwamba kuzitenganisha kulihitaji sheria.

Na zilikuwa na sababu ya kuishi pamoja. Lehemu iliyotawala katika nyumba za Marekani tangu mabomba ya shaba yaliposhika soko katika miaka ya 1930 ilikuwa nusu bati na nusu risasi. Mchanganyiko huo huanza kulainika kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na haujawa maji kamili mpaka karibu nyuzi 215. Katikati ya nyuzi hizo thelathini na kitu huwa kama uji mzito. Huo uji ndio uliokuwa rafiki wa fundi. Nafasi ya kiungo ikiwa pana kidogo, uji uliijaza. Mkono ukitetereka, uji ulingoja. Moto ukichelewa upande mmoja, uji haukukimbia.

Lehemu iliyokuja kuchukua nafasi yake katika kazi nyingi ilikuwa ya bati asilimia 95 na antimoni asilimia 5. Hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 233 na kufikia nyuzi 240 imekuwa maji matupu. Nyuzi saba tu. Fundi aliyezoea uji akajikuta anashughulika na kitu kinachotoka kwenye jiwe kwenda kwenye maji kwa kufumba na kufumbua, na katika joto lililo karibu zaidi na lile linalounguza flaksi. Baadaye watengenezaji walichanganya bati na kiasi kidogo cha shaba, fedha au bismathi, na baadhi ya michanganyiko hiyo ikarudisha sehemu ya ule uji.

Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka 1986, Bunge la Marekani liliporekebisha sheria ya usalama wa maji ya kunywa. Lehemu na flaksi za mabomba ya maji zisizidishe asilimia 0.2 ya risasi. Fitingi, koki na mabomba ziruhusiwe hadi asilimia 8. Namba ya pili inastahili kusomwa tena, kwa sababu kwa zaidi ya robo karne koki yenye risasi asilimia 7 ya uzito wake iliweza kuuzwa kihalali ikiwa na maneno "haina risasi". Ni vigumu kuitetea lugha ya namna hiyo. Mama aliyenunua koki hiyo na kumkorogea mwanawe maziwa kwa maji yake hakuwa na njia ya kujua kwamba neno "haina" lilimaanisha "inayo, ila si nyingi".

Risasi haina kazi yoyote katika mwili wa binadamu. Ikiingia hujifanya kalisi; hukaa kwenye mifupa, na kwa mtoto mdogo hupenya kwenye ubongo unaojengwa na kuuharibu kwa namna isiyorekebishika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa, walioishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, wanaijua sumu hii si kwa kusimuliwa. Kampeni ya kuwatetea ndiyo iliyompatia Phyllis Omido tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kule ilikuja kwa moshi na vumbi. Katika nyumba za Marekani ilikuja kimya kimya, kwa glasi.

Kisa kinachoonyesha vizuri kabisa jinsi lehemu inavyoweza kumfikia mtoto kilitokea Durham, jimbo la North Carolina, mwaka 2006. Mtoto mmoja alipimwa damu ikakutwa na risasi. Kwa kawaida wachunguzi wa Marekani hutafuta kwanza rangi ya zamani ukutani, kwa kuwa ndiyo mkosaji mkuu. Safari hii njia iliwarudisha kwenye maji ya bomba, na kutoka kwenye bomba wakafika kwenye viungo vya zamani vilivyolehemiwa kwa risasi. Swali likawa: viungo hivyo vilikuwa na umri wa miaka ishirini na zaidi, mbona vimeanza kuachia risasi leo?

Jibu lilikuwa mbali na nyumba hiyo, kwenye mtambo wa kusafisha maji. Mtambo ulikuwa umebadilisha dawa ya kutuamisha tope. Badala ya shabu, ileile shabu ambayo bibi zetu waliizungusha kwenye mtungi wa maji ya kisima ili tope lizame, ilianza kutumika kloraidi ya chuma. Maji yalitoka safi. Ila shabu ni salfeti, na salfeti huijengea risasi ngozi nyembamba isiyoyeyuka. Kloraidi hufanya kinyume: huibeba risasi na kuondoka nayo. Profesa Marc Edwards wa chuo kikuu cha Virginia Tech na wenzake walieleza kwamba mahali shaba na risasi zinapogusana ndani ya maji hutokea betri ndogo, kama ilivyo betri yoyote ya metali mbili, na katika betri hiyo risasi ndiyo inayoliwa. Kloraidi ikizidi salfeti kwa kiasi fulani, ulaji hauishi. Vipande vya lehemu hubanduka, hupita na maji, na baadhi hunasa kwenye kale kachujio kadogo kaliko mdomoni mwa koki ya jikoni, ambako maji yanayopita huendelea kuvilamba.

Kisa hicho kina uzito kwa kila fundi. Kiungo alichokifunga mwaka 1984 na kukisahau bado kiko kazini, na kinaweza kubadilika tabia kwa sababu ya uamuzi uliofanywa kilomita nyingi kutoka pale. Serikali ilikuwa na shaka hiyo mapema: kanuni ya risasi na shaba ya mwaka 1991 ilipoagiza miji ichague nyumba za kupimwa maji, iliweka miongoni mwa zile za kwanza nyumba zenye mabomba ya shaba yaliyolehemiwa kwa risasi baada ya mwaka 1982. Hizo ndizo zilizojengwa muda mfupi kabla ya marufuku, na lehemu yake ilikuwa bado mpya, haijajenga ngozi.

Jimbo la California lilichoka kusubiri. Mwaka 2006 lilipitisha sheria ya kushusha ile asilimia 8 hadi 0.25, ikipimwa kwa wastani wa sehemu zote zinazogusana na maji, na sheria ikaanza kazi Januari 2010. Vermont ilifanya hivyohivyo. Rais Barack Obama akatia saini sheria ya nchi nzima tarehe 4 Januari 2011, viwanda vikapewa miaka mitatu, na hivyo ndivyo mwaka 2014 ulivyofika na zile herufi LF.

Elbo, tii na soketi za shaba tupu hazikubadilika hata chembe, maana hazikuwahi kuwa na risasi. Kilichobadilika ni shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba na zinki ambao mafundi huuita brasi, na ndio unaotengenezea koki, vali, mita na viunganishi vya nyuzi. Katika brasi risasi ilikuwa na kazi mbili. Ilivunja vunja nyuzi za chuma wakati wa kuchonga, ili mashine isinaswe na misokoto mirefu, na ilijipenyeza kwenye vitundu vidogo vya kalibu ili koki isivuje jasho. Kuitoa kuliwalazimu wahandisi kutafuta mbadala. Baadhi waliichukua bismathi, jirani wa risasi katika jedwali la elementi, 83 kwa 82, ambayo binadamu huivumilia kiasi cha kuitumia kwenye dawa za tumbo. Wengine waliongeza silikoni.

Sasa yule fundi na koki yake. Shaba tupu hupitisha joto kuliko karibu metali zote za kawaida. Brasi ya zamani yenye risasi hupitisha chini ya theluthi moja ya shaba. Brasi ya silikoni hupitisha kiasi cha theluthi ya hiyo tena, yaani kama sehemu moja ya kumi ya shaba. Mwali ulioelekezwa upande mmoja wa koki ya aina hiyo huufanya upande huo uwe moto mkali huku upande wa pili ukiwa bado haujui kinachoendelea. Fundi akigusa pale palipo na moto, flaksi imekwisha kuungua. Akigusa upande wa pili, waya haulainiki.

Dawa yake si moto mkubwa. Kiwango cha Marekani cha kutengeneza viungo hivi kinataka bomba lipashwe kwanza, mwali ukiwa wima juu yake karibu na mdomo wa fitingi, kisha moto uhamie kwenye fitingi. Kwa koki mpya hatua hiyo ya kwanza hurefushwa. Shaba ya bomba huwa mpishi: hulibeba joto na kulipeleka ndani ya kikombe cha fitingi, mahali ambapo mwali hauwezi kufika. Baada ya hapo mwali husogea kwenye sehemu nene ya koki na kuzungushwa, bila kutulia mahali pamoja. Waya hujaribiwa upande ulio kinyume na moto. Ukiteleza wenyewe kama samli kwenye kikaango, moto huondolewa au huvutwa nyuma, na lehemu hulishwa mpaka tone lijitokeze chini. Kwa bomba dogo, waya unaotosha ni wenye urefu unaokaribia kipenyo cha bomba lenyewe. Kinachozidi hapo huingia ndani ya njia ya maji.

Kupooza ndiko kunakowaponza wenye haraka. Fundi wa zamani alikuwa na kitambaa kilicholowa. Alilehemu, akapangusa, kiungo kikatoa sauti ya mvuke na kazi ikaisha. Brasi ya bismathi haistahimili hivyo. Kwenye joto kali huwa dhaifu, na maji baridi ya ghafla yanaweza kuitia ufa usioonekana mpaka siku maji yatakapofunguliwa. Kiungo kiachwe kipoe chenyewe, bila kutikiswa, na flaksi iliyobaki ipanguswe baadaye, kwa sababu ikiachwa hutafuna shaba taratibu.

Kuna adui mmoja ambaye hakuhitaji sheria yoyote ili awepo: maji yaliyosalia bombani. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na maadamu tone moja linaendelea kutiririka hadi kwenye kiungo, chuma hakitafika nyuzi 230 hata fundi akikesha. Mafundi wa zamani walisokota mkate mweupe, usio na ganda, wakausukuma ndani ya bomba uzuie matone kwa dakika chache. Maji yakifunguliwa mkate hulowa na kutoka kwa koki iliyo wazi. Ujanja huo ungali unatumika. Wenye fedha, kwa upande wao, wameacha moto kabisa na kuhamia kwenye fitingi za kubanwa kwa mashine zenye pete ya mpira ndani, ambazo zimekuwa zikienea Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Dar es Salaam au Nairobi, fundi bomba wa leo huchomelea zaidi mabomba ya plastiki ya PPR, na shaba huiacha kwa mafundi friji na viyoyozi. Hata hivyo kiungo hiki kina asili upande wetu. Shaba inachimbwa Katanga, kuanzia Kolwezi hadi Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya mgodini, na sehemu yake kubwa hupita kwa malori kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Bati la kulehemia linachimbwa Bisie, wilayani Walikale, Kivu Kaskazini, mgodi mmoja unaotoa kiasi cha asilimia 6 ya bati la dunia. Uliposimama kwa wiki kadhaa Machi 2025 kwa sababu ya vita, bei ya bati ilipanda duniani. Risasi ilipoondolewa kwenye lehemu, nafasi yake ilijazwa na bati. Fundi wa Michigan anayelisha waya kwenye kiungo huenda analisha kipande cha Walikale ndani ya kipande cha Kolwezi.

Koki za brasi, hizo tunazo kila mahali, kuanzia kisimani hadi jikoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na watafiti wa chuo kikuu cha North Carolina ulikagua mifumo 261 ya maji ya vijijini katika Ghana, Mali na Niger. Asilimia 80 ya mifumo iliyopimwa vifaa ilikuwa na walau kifaa kimoja chenye risasi kupita kiwango, na katika asilimia 9 maji yenyewe yalivuka kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 10 kwa lita. Hakukuwa na lehemu pale wala mabomba ya enzi za Warumi. Ilikuwa brasi ya kawaida, ya namna inayopangwa kwenye rafu za duka lolote la vifaa vya ujenzi, bila herufi zozote pembeni.

Marekani, wakati huohuo, kazi kubwa iliyobaki imo ndani ya kuta. Fundi anayeitwa kubadilisha koki katika nyumba ya mwaka 1985 hukuta kiungo cha kijivu kilichofifia. Akikipasha, kinalegea mapema, kabla hata hajakitarajia, na hapo anajua ameshika risasi. Hapo asiyeyushe lehemu mpya juu ya ile ya zamani. Hukata bomba sentimita chache nyuma ya kiungo, kwenye shaba ambayo haijawahi kuguswa na lehemu, hukwangua kingo za ndani, husugua, hupaka flaksi na kuanza upya kwa soketi na kipande kipya. Kiungo cha zamani hutiwa kwenye mfuko wake peke yake. Kisha hufungua koki ya jikoni, huzungusha kale kachujio ka mdomoni mpaka katoke, na kukagonga juu ya karatasi nyeupe, mbele ya mwenye nyumba, ili wote wawili waone kilichokuwa kimenasa humo.